Mikono ya Fundi Bakri

Kaltuma hakuwa mwanamke wa kushindwa na jambo. Mtaani kwake Kismayo, mke na mume wakigombana huitwa yeye, mtoto akimeza sarafu huitwa yeye, na akishaingia nyumba ya watu, amri huwa yake. Basi baba yake alipoletwa kutoka kisiwa cha Chula, figo zimechoka na miguu imemvimba, alimpokea kwa mikono miwili na sauti kubwa, kama alivyozoea.

Baba huyo, Fundi Bakri, aliunda mashua umri wake wote pamoja na nduguye Shuaibu, ambaye sasa ni marehemu wa miaka mingi. Walifanya kazi bila kuonana. Bakri alikuwa nje ya mashua na nyundo yake, Shuaibu ndani, ameegemeza chuma pale msumari utakapotokeza. Ukipiga mwenzio hajawa tayari, unamponda vidole. Kwa hiyo kabla ya kila pigo Bakri aliuliza, "Uko?" na nyundo haikushuka mpaka asikie, "Niko." Watoto wa Chula walikua na sauti hizo masikioni, Kaltuma akiwamo.

Homa ilipompanda, mzee alianza kuinua mkono wa kulia juu ya shuka, vidole vimefumbata kitu kisichokuwapo. Macho aliyaelekeza ukutani, na uso ulikuwa mkunjufu.

"Uko, Shuaibu?"

"Hapana mchu hapo, baba," Kaltuma akamwambia. "Ami Shuaibu alikufa. Tulimzika."

Mzee akalia kilio cha mtu anayepata habari ya msiba sasa hivi. Kisha akasahau, na mkono ukapanda tena. "Uko, Shuaibu?" Kaltuma naye, ambaye kwake ukweli lazima usemwe hata ukiuma, akamfisha tena ami yake mbele ya mzee, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Jamani, ukaidi wa mtu anayekupenda ni mzigo mzito!

Halafu hofu ikamwingia. Mzee alizoea kukata mbao za mataruma, zile mbavu za mashua, upande wa bara karibu na Burgao, katika kichaka ambacho watu hawakiingii bila dua, kwa kuogopa majini. Kaltuma akajiambia ameshagundua: baba anawaundia majini chombo, na kikikamilika watampakia waende naye. Dawa ilikuwa moja tu, kazi isiishe. Akafukiza ubani, akasoma alichojua kusoma, na mkono ulipozidi kupanda akachana leso yake vipande viwili, akamfunga mzee mikono yote miwili kwenye mbao za kitanda.

"Nifungue, mwanangu," mzee akaomba. "Shuaibu yuwangoja."

Alivuta sana. Mwisho akatulia, akageuza uso, hakusema tena. Kaltuma akamshukuru Mungu, akaenda kupika uji.

Kesho yake akaja Hodan, muuguzi aliyekuwa akizunguka kuwatazama wagonjwa majumbani. Aliziona leso, akazifungua kwanza, maneno akayaacha ya baadaye.

"Si jini, dada," alisema. "Figo zikishindwa, uchafu unabaki kwenye damu na kupanda hadi kwenye ubongo. Ongeza homa, upungufu wa pumzi, na dawa kali za maumivu. Mtu huanza kuona na kusikia visivyokuwapo. Wengi huwaona ndugu zao waliokufa, au hurudia kazi zao. Nimemwona mama akikanda unga hewani. Sababu zote hatuzijui, lakini wengine hupata faraja kwa wanachokiona. Kama haogopi, usibishane naye. Mshike mkono." Akamtazama mzee. "Alikuwa akisema nini?"

"Alikuwa akiuliza, 'Uko?'"

"Na alitaka ajibiwe nini?"

Jibu hilo halikuwa geni kwa Kaltuma. Alikuwa akilijua tangu hajaota meno ya pili. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa baba yake, ule wa nyundo.

"Niko, baba. Piga. Niko."

Mkono ulikuwa mzito na wa vuguvugu, haukupanda. Hodan alimwambia wagonjwa wengi husikia hata wakiwa hawawezi kujibu, basi Kaltuma akaendelea, "Niko, niko," mpaka sauti ikamkauka. Kama mzee alisikia, hakuna ajuaye. Kaltuma hajui, na hilo ndilo linalomla mpaka leo. Mzee alikata roho alfajiri.

Athmani, kaka yake Kaltuma, alifika kutoka Chula asubuhi hiyo na kuwahi kumwosha baba yao. Wanaume waliingia chumbani na maji, Kaltuma akabaki uani na wanawake wenzake. Haukupita muda Athmani akatoka, mikono ingali inachuruzika.

"Kaltuma, baba ana alama kwenye vifundo vya mikono. Nani alimfunga?"

Wanawake wakamgeukia Kaltuma. Angeweza kusema ni muuguzi, au ni alama za dripu, na Athmani angeamini.

"Ni mimi."

"Alikuwa akipiga wachu?"

"La."

"Basi alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa kazini," alisema Kaltuma.