Saa Niliyoichagua Makutano

Mjukuu wangu amebeba jina langu, ndiyo desturi yetu, kwa hivyo huku Kianjokoma watu husema yeye ni mimi. Anakimbia. Kocha wa kambi moja ya wakimbiaji alimwambia amwonyeshe mbio zake za wiki mbili zikiwa zimechorwa kwenye ramani, ndipo aamue kama atamchukua. Simu yetu ni kabambe ya vitufe, haijui ramani. Ilitakiwa saa ya wakimbiaji. Nikasema nitainunua mimi, na nitaichagua mimi.

Nilienda mpaka Makutano, Meru. Embu mjini wananijua, na sikutaka mtu wa kanisa letu anione nikiuliza maswali ya kijinga. Muuzaji aliniwekea saa mbili. Moja nyeusi, ndogo, mbaya kama kupe. Nyingine pana, kamba nyekundu, tarakimu kubwa hata mimi nikazisoma bila miwani. Akaanza kunieleza habari za setilaiti. Nikamkata. Niliivaa ile nyekundu, maana mkono wangu ndio wake, nikatembea hatua kumi, nayo ikahesabu kumi. Nilitaka nini tena?

Siku tatu mtoto alikimbia nayo. Siku ya nne aliivua akaenda kuoga, nikaivaa nikipukuchua mahindi. Debe likijaa, saa inasema nimekimbia kilomita mbili. Na nimekaa kwenye kigoda. Nilicheka, nikamwita aone. Yeye hakucheka.

“Cucu, hii inahesabu mkono tu. Haijui niko wapi.”

“Ulijua lini?”

“Siku ile ulinipa.”

Nilirudi Makutano. Muuzaji akasema iliyovaliwa hairudishwi, na kwamba alijaribu kuniambia. Kweli alijaribu, na pesa za nyingine sikuwa nazo. Nikamwambia mtoto nitaenda kwa huyo kocha mwenyewe, niape na Biblia mkononi kwamba huyu anakimbia kila asubuhi.

“Kocha hataki kiapo, cucu. Anataka mstari.”

Muda aliopewa na kocha uliisha Jumamosi. Asubuhi hiyo alikimbia vilevile, nami nikabaki langoni. Hiyo njia naijua yote. Anashuka kwa kinu cha posho, anapita kituo cha majani chai, anavuka mto, anapanda kwa kanisa mpaka msitu unapoanzia. Nilichukua fimbo nikaichora hapo chini kwenye udongo, kona kwa kona, sikukosea hata moja.

Akarudi akivuja jasho, akapita juu yake na viatu, hakuiona.