Kambale na Etiketi Nyeupe za Kanyaruchinya

Hata sasa mkono wangu unataka kukupigia simu, Kambale. Leo ni siku ya tano tangu utuache.

Kwa wasiomjua: tulifanya kazi pamoja miaka sita kwenye depo ya dawa, huku Himbi, mjini Goma. Yeye ndiye aliyepokea katoni za chanjo zikifika. Kila kichupa kina etiketi nyeupe, ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Joto likiingia inageuka zambarau, na dawa inatupwa.

Siku yangu ya kwanza alibandika moja kwenye kikombe cha chai. Ikageuka nikiona. Akaniambia, "Hii haina shefu. Inasema tu ilichokiona."

Jumapili aliimba kwaya kanisani, mtaa wa Katoyi, kwa sauti mbaya sana. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mwezi uliopita zilifika katoni za chanjo za watoto wa Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji. Barafu ilikuwa imekwisha, maji vuguvugu, lakini etiketi zote nyeupe pe. Kambale akakwangua moja kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya zambarau.

Akafungua katoni ya pili, ya tatu. Vile vile.

Shefu, mkuu wa depo, alimwita biroo, ofisini kwake, akasema ni kosa la kiwanda, atie sahihi ya kuzipokea, watoto wanangoja.

"Muzee, hao ni watoto wa watu," Kambale akamjibu. "Sitii."

Aliandika ripoti kwa mkono, kurasa tatu, akaipeleka nyumbani. Katoni zilitoka depo siku mbili baadaye. Kila ninayemuuliza zilikwenda wapi anaangalia pembeni.

Wiki iliyofuata, saa nane mchana, pikipiki yake ilimwangusha, akafa. Wanasema iliteleza kwenye matope. Juma lile Goma haikupata hata tone la mvua. Simu yake haijaonekana.

Sisemi mutu alimuua. Nasema nilifika pale, na matope sikuyaona.

Kwenye kilio shefu alileta mchele, akalia. Kisha akamwinamia Mama Furaha, mke wa marehemu, akamuuliza polepole kama kuna karatasi za kazi zilizobaki nyumbani.

Mama Furaha akamjibu: "Tulimzika nazo, papa."

Haikuwa kweli. Jana yeye na watoto wamefika mbali, kwa ndugu zake, na amenipa ruhusa ya kuitoa ripoti. Kurasa zote tatu ziko kwenye picha hapa chini. Zisomeni, zihifadhini.

Lala salama, ndugu yangu. Chini ya jina lako kwenye ripoti nimeandika langu.