Barafu za Mfuko

Mimi ni mtu wa ndani. Wakenya wenzangu walioko Riyadh, siku ya mapumziko wanajipamba wanashuka sokoni Batha, wanunue unga na wasengenyane mpaka wachoke. Mimi nilipokuwa huko, siku hiyo nilikuwa nafunga mlango wa chumba changu mtaa wa Malaz, nikajitupa kitandani, nikamwombea dua aliyevumbua kiyoyozi. Nilikuja Saudia kwa ndege, nikaingia jikoni, na jikoni ndiko niliko. Kwa hivyo nikisema nina mkono wangu katika bahari ya barafu kule kusini kabisa mwa dunia, una haki ya kucheka. Cheka, halafu unisikilize.

Binti wa nyumba ninayofanyia kazi nimemlea mimi. Kiswahili chake alikichota kwangu, cha Mombasa, pamoja na ubishi wake. Alipopata chuo Jeddah, kusomea mitambo ya baharini, madam, mamake, alisema binti hakai peke yake kwenye mji wa watu, basi nikafungashwa pamoja na masufuria. Babake hakupenda. Yeye alitaka binti afanye kazi ofisini kwa ami yake, karibu na nyumbani. Wakapatana hivi: binti na wenzake walikuwa wanaunda roboti ya kwenda kupima bahari ya barafu. Ikifanya kazi, ataendelea kusoma. Ikishindwa, halas, anarudi Riyadh.

Roboti yenyewe ukiiona hutaiamkia. Ni kama mtungi wa gesi uliokonda kwa maradhi, na antena imesimama kichwani. Binti alinieleza kazi yake nikiwa namenya vitunguu. Inazama chini sana, inapima joto la maji na chumvi yake, kisha inapanda juu kutuma habari kwa setilaiti.

"Na ikikuta juu kumeganda?" nikauliza.

"Ikijigonga, antena inavunjika. Kwa hivyo tumeifundisha. Ikipanda ikaona maji yamekuwa baridi kupita kiasi, inajua juu kuna barafu. Inageuza inarudi chini, inaweka habari zake, inangoja kiangazi."

"Yaani ikihisi nje kubaya, inakaa ndani."

"Kama wewe, Dada!" akacheka mpaka akakohoa. "Tumeunda wewe, ila wewe huna betri."

Nilijifanya nimenuna. Moyoni nilivimba kama andazi. Miaka yote watu wananiambia kukaa ndani ni uvivu, kumbe wasomi wanaitia tabia hiyo kwenye mashine kwa makusudi!

Kabla ya kusafirishwa, ilibaki jaribio moja: kuiweka kwenye pipa la maji ya bahari yaliyopozwa kupita sifuri, waone kama kweli itakataa kupanda. Chumba cha baridi cha chuo kikaharibika wiki hiyohiyo. Mzigo ulikuwa unachukuliwa Jumamosi, na Ijumaa asubuhi Jeddah huwezi kununua hata kiberiti, maduka yamefungwa. Basi Jumatano binti akanipigia simu kutoka chuoni, mbiombio: "Dada, nataka barafu za mfuko. Nyingi! Ujaze friza zote mbili. Ijumaa tunazibeba."

Sasa, mtoto wa Mombasa ukimwambia barafu za mfuko, anajua kitu kimoja tu. Ni zile za sharubati, zinagandishwa ndani ya vimfuko vyembamba vilivyofungwa fundo, unatoboa pembe kwa jino, unafyonza. Mamangu aliuza hizo nje ya shule tangu sijaanza kusoma. Nikasema, wamefikiria vizuri, wamalize jaribio wajipongeze. Nikachemsha maua mekundu ya karkade, nikaloweka ukwaju, nikatia sukari bila ubahili. Siku mbili nafunga mafundo, najisifu peke yangu.

Ijumaa tukateremsha makasha ya baridi. Mlinzi wa jengo, kijana wa Kakamega, alikuja kusaidia. "Mathe, leo umetoka! Kwani nyumba inaungua?"

"Nyamaza, shika upande wako. Nimeitwa na sayansi."

Chuoni, vijana wamezunguka pipa na roboti imo ndani. Binti akafungua kasha la kwanza. Akatazama. Akafungua la pili. Nyekundu na kahawia, zimepangwa kama zinangoja kengele ya mapumziko.

"Dada," akasema polepole. "Hii nini?"

"Barafu za mfuko."

"Mimi nilitaka barafu. Ya maji. Kwenye mifuko!"

Nilitamani pipa linimeze. Binti alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na nilijua anaiona ofisi ya ami yake. Sukari ikiingia kwenye maji yale, chombo cha kupimia chumvi kinachafuka, na hakuna siku nyingine. Mmoja wa wenzake akachukua kimfuko, akakiminya, akakigeuza juu chini. Binti akainua kichwa.

"Dada, fundo zako zinavuja?"

Hapo nikakasirika kidogo. "Mamangu aliwauzia nani hizi? Watoto wa shule! Mtoto anaitia mfukoni mwa sare nyeupe, anaruka nayo kamba. Zivuje?"

Wakazitumbukiza zilivyo, zimefungwa. Maji yakapoa, yakapita sifuri, yakazidi. Mwalimu wao akaeleza kwamba barafu ya maji matupu ikiwa imefungwa ingeanza kuyeyuka palepale kwenye sifuri, lakini yenye sukari huyeyuka ikiwa baridi zaidi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipanga hilo tangu Jumatano. Roboti ikaanza kupanda, ikahisi baridi, ikasita. Ikarudi chini ikatulia. Vijana walipiga kelele, halafu wakazila barafu zote, na mwalimu akaomba ya ukwaju mara mbili.

Basi ikasafiri, ikapakiwa kwenye meli, ikatupwa kule kusini. Ilituma habari mara chache, kisha majira ya baridi yakaifunika, kimya. Miezi. Binti alikonda. Baba alipiga simu kila Ijumaa: "Kidude kimesema?" Binti anajibu bado. Mara moja baba aliniuliza mimi, nikamwambia, "Kiko ndani, baba. Kukaa ndani si kufa." Akaguna.

Siku moja adhuhuri nachambua mchele, nikasikia ukelele chumbani kwa binti. Nikakimbia na sinia. Kwenye kompyuta tarakimu zilikuwa zinashuka safu kwa safu, habari zote za majira ya baridi yaliyopita, joto, chumvi, kina, hakuna iliyopotea. Binti alikuwa ameshampigia babake lakini sauti haitoki, analia tu. Akanisukumizia simu.

"Kuna nini?" baba akafoka. "Nani analia? Kimevunjika?"

"Mafi, baba. Hakijavunjika. Barafu imeyeyuka na chetu kimetoka."

"Chetu?"

"Chetu," nikasema, na sikupunguza sauti.

Nilimsikia madam nyuma yake anauliza, anauliza tena, kisha anashukuru Mungu kwa sauti. Baba akakohoa.

"Haya," akasema. "Mwambie binti yangu asome. Kaeni hukohuko."