Ndiyo ya Epiphanie

Kankindi alianza kusoma sheria akiwa na miaka arobaini na ushei, meno mawili ya mbele hana, macho yake yanategemea miwani ya marehemu padri mmoja. Wenzake darasani wangeweza kuwa wanawe. Walikuwa makarani wa ofisi za serikali za Capital Hill, Lilongwe, wanaotafuta kupandishwa cheo, vijana wa tai na viatu vya kung'aa, na walimwita agogo, yaani bibi kwa Kichewa. Walilitamka neno hilo kwa adabu ya juu juu, na kila akiinua mkono kuuliza swali walipeana jicho. Yeye aliuliza hivyo hivyo.

Nchi za watu alizijua vizuri. Burundi aliitoka mwaka 1972, msichana wa shule aliyebakiza mwaka mmoja amalize. Baba yake alikuwa karani wa mahakama kule Rumonge. Askari walimtoa mezani kwake wakampakia kwenye lori bila kumuuliza hata swali moja, na hakurudi. Kankindi hakulia sana, alikasirika, na hasira hiyo hakuitua tena. Alitaka awe mtu ambaye, mbele yake, hakuna anayechukuliwa kabla hajaulizwa. Alikaa Uvira, akaenda Nairobi akawa yaya wa watoto wa wengine kwa miaka mingi, na huko ndiko alikookota Kiingereza. Mwaka 1993 aliambiwa nyumbani kumetulia. Akarudi, nusu mwaka haikupita akakimbia tena, safari hii hadi Malawi, na binti yake Irangabiye mkononi.

Dzaleka palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Kankindi alipewa chumba kilichokuwa seli, mlango wake bado una kitasa cha upande wa nje tu. Alicheka alipokiona, akasema mwanasheria amepata ofisi. Hapo kambini aliitwa yaya tena, lakini kwa maana ya Kiswahili cha Kongo, dada mkubwa. Aliyemwita hivyo zaidi ya wote ni jirani yake Epiphanie, mjane wa Kirundi wa miaka thelathini hivi, muuza maandazi. Epiphanie ndiye aliyemwambia aende akasome, ndiye aliyekubali kumlisha Irangabiye siku zote ambazo mama yake angekuwa Lilongwe. Siku za kazi Kankindi alikuwa akilala jikoni kwa familia moja ya Kauma, pembezoni mwa Lilongwe, akiwafulia nguo ili apate kulala, na jioni akienda chuoni kwa miguu.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya maduka ya mjini. Mkuu wake alikuwa wakili mmoja mnene aliyesomea Uingereza, Bwana Mangulenje, mtu wa maneno laini na moyo wa jiwe. Siku ya kuomba nafasi alimuuliza Kankindi kwa Kiingereza, "Kwa hiyo sekondari hukumaliza?" Kankindi akajibu kama anavyojibu kwao mtu mkweli, "Yes." Ndiyo, ni kweli, sikumaliza. Lakini kwa Kiingereza "Yes" hapo ni kusema nimemaliza, na Bwana Mangulenje akaandika kwamba amemaliza, akampa nafasi.

Jambo lilifumuka mwishoni mwa muhula wa kwanza, vyeti vilipodaiwa. Kankindi akasema hana, na kwamba alishalisema hilo tangu mwanzo. Mkuu alimsimamisha mbele ya darasa, akarudia swali na jibu, neno kwa neno, mpaka vijana wakashika mbavu. Wachewa wenyewe majumbani kwao hujibu vile vile, lakini hakuna aliyelikumbuka hilo siku hiyo, kila mmoja alikuwa Mwingereza.

"Mbele ya hakimu," Bwana Mangulenje alisema, "ukisema ndiyo umekubali. Hakuna atakayekuja kukuuliza ulikuwa unakubali nini. Nikikufukuza leo sina lawama."

Hakumfukuza. Alimpa mtihani. Kila mwanafunzi alitakiwa alete mtu amfahamuye, mtu huyo aeleze jambo lililompata kweli, kisha mwanafunzi amdodose, yaani amuulize maswali ya kuubomoa ushahidi wake mbele ya wote. Wengine wakishindwa wangepoteza alama tu. Kankindi akishindwa, asirudi.

"Lete mtu wa kambini," mkuu aliongeza, akitabasamu. "Ninyi wa kambini hamkosi visa vya kusimulia."

Alirudi Dzaleka kichwa kinamuuma. Kwanza alimwendea Zénon, fundi cherehani mwenye mdomo, aliyedai kuwa aliwahi kuwa mkubwa wa serikali kwao. Kankindi alimchagua kwa sababu ni mwongo, na mwongo kumbomoa ni kazi rahisi. Zénon akaruka hatua mbili nyuma, akidhani anaitwa mahakamani.

"Tribunal? Mi siende, mama. Bantu banaingia kwa tribunal, habatoke."

Epiphanie alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, akisikiliza.

"Yaya, mi njo nitaenda," alisema. "We ulinisikia ya Bukeyeneza. Bale bakubwa nabo banisikie."

Bukeyeneza alikuwa mwanawe. Walipokimbia, Epiphanie alivuka mto Malagarasi kwa miguu, mtoto mchanga mgongoni na Bukeyeneza, wa miaka minne, amemshika mkono. Katikati maji yalimnyang'anya yule wa mkononi. Kisa hicho alikuwa amemsimulia mtu mmoja tu duniani, Kankindi, na aliposimulia alifungua na kufunga kiganja, anafungua na kufunga, kama anatafuta kitu ndani yake. Hapakuwa na uongo hata chembe.

Kankindi angeweza kusema hapana. Niseme wazi: alikuwa na nafasi ya kusema hapana, mlango uko wazi, hakuna aliyemlazimisha. Alisema, "Asante, mdogo wangu. Jumamosi tutaondoka mapema."

Wiki ile, akiwa kwenye beseni la nguo za watu kule Kauma, alitafuta ufa katika ushahidi wa Epiphanie asiuone. Mto ulikuwepo, mtoto alikuwepo, maji yalikuwepo. Kisha akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyochekwa, na mikono yake ikasimama ndani ya povu. Aliona haya. Akajiambia ni zoezi la darasani tu, hapana atakayefungwa, halafu akaendelea kusugua huku akiyapanga maswali kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo. Ajabu ni kwamba alikuwa akifurahi.

Ijumaa usiku Kankindi alirudi kambini. Jumamosi Epiphanie alivaa kitenge chake kimoja kizima, akajifunga kilemba, wakapanda nyuma ya matola, pikapu ya abiria, pamoja na magunia ya mahindi hadi mjini. Darasani aliwasalimu wote mmoja mmoja kwa mikono miwili, "zikomo, zikomo," yaani asante kwa Kichewa, hata wale waliokuwa wanacheka. Mkalimani alikuwa kijana wa darasa hilo hilo aliyezaliwa Karonga, mpakani na Tanzania, anayejua Kiswahili na anayejivunia kutafsiri upesi bila kuongeza wala kupunguza neno.

Kwanza shahidi aliachwa aeleze. Epiphanie alieleza vizuri kuliko wakili yeyote. Alianzia mlimani, akashuka mtoni, akaingia majini, na alipofika pale pa mkono kiganja kikaanza tena kufunguka na kufunga. Hakulia. Mama mmoja karani wa wizara alivua miwani. Vijana waliacha kuchezea kalamu. Bwana Mangulenje tu ndiye aliyebaki amemkazia macho Kankindi, anasubiri.

Kankindi alisimama. Alijua kwamba shahidi amependwa, na akipendwa hivi hadi mwisho, yeye kwaheri. Akauliza kwa Kiingereza, polepole, na kijana wa Karonga akaligeuza swali kwa Kiswahili:

"Je, hukumwachia mtoto mkono?"

Epiphanie akamtazama kwa shukrani. Yaya wake alikuwa anamsaidia kulisema lile alilotaka kulisema.

"Ndiyo," akajibu. "Njo vile."

Ndiyo, ni kweli, sikumwachia. Kijana wa Karonga, bila kuongeza wala kupunguza: "Yes. It is so." Darasani mtu alivuta pumzi. Kwa Kiingereza mama huyu amekiri kwamba alimwachia.

"Je, hukumsukuma?"

"Ndiyo. Mungu anajua, njo vile."

"Yes. God knows it is so."

Kankindi angeweza kuishia hapo, alama alikwishazipata. Lakini mkuu alikuwa ameinama mbele kidogo kwenye kiti chake, na Kankindi alionja kitu ambacho maishani hakuwahi kuonja, chumba kizima cha watu wakubwa kinamngoja yeye afungue mdomo.

"Je, hukutaka afe huyu ili apone yule wa mgongoni?"

Swali lilimuuma Epiphanie, lakini alimwamini muulizaji, akaona lazima lina maana yake. Akanyoosha mgongo.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Ndiyo, yaya. Ndiyo."

"Yes," alisema mkalimani, safari hii taratibu. "Yes. Yes."

Yule mama karani alivaa miwani yake tena, akageuza uso asimwone shahidi. Kisha Bwana Mangulenje akaanza kupiga makofi, na darasa zima likafuata. Alijua fika ile ndiyo ya shahidi ilikuwa na maana gani, mtu yule. Alipompita Kankindi alimwinamia sikioni, akamwambia sasa ameijua kazi, nafasi ni yake, na muhula ujao zoezi ni lile lile kwa shahidi mwingine. Hakuna aliyemwita agogo siku hiyo.

Epiphanie alidhani makofi ni yake. Alisimama, akapiga goti kidogo, akashukuru kwa Kichewa na Kirundi.

Barabarani, kwenye matola ya kurudi, alimshika Kankindi mkono wakati wote. "Nilisema muzuri, yaya?"

"Ulisema vizuri sana."

"Bote balisikia?"

"Walisikia wote."

Epiphanie akafunika uso kwa kitenge akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na abiria wakamsogezea nafasi. Kankindi alitazama mashamba ya tumbaku ya Dowa yakipita. Alikuwa na aibu, aibu ya kweli. Lakini furaha yake ilikuwa kubwa kuliko aibu, na yeye mwenyewe alizipima akaona hivyo.

Kambini habari ilienea kabla maandazi ya asubuhi hayajaiva. Epiphanie aliwaambia wanawake pale bombani, Warundi na Wanyarwanda, kwamba wakubwa wa Lilongwe walimkalisha kwenye kiti, wakamuuliza habari za mwanawe kwa jina, wakasikiliza hadi mwisho, wakapiga makofi. Alitembea kichwa juu kwa siku kadhaa. Usiku alianza kulala, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mtoni.

Jumamosi iliyofuata Kankindi alipowasili kutoka Kauma, alikuta wanawake wamekaa ukutani nje ya seli yake. Walikuwa wamevaa vitenge vyao vya kanisani. Irangabiye alikuwa anawagawia maji. Wa mbele kabisa alikuwa Mukarutesi, Mnyarwanda aliyefika kwa njia ya Kongo akiwa peke yake, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akieleza lolote. Aliinuka akamshika Kankindi mikono yote miwili.

"Mama, Epiphanie anasema we unapelekaka bantu kwa bakubwa, banasikilizwa," alisema. "Mi niko na batoto batatu balikufa. Unipeleke na mi."

Epiphanie alikuwa kando yake, anatabasamu, ameshamwekea Kankindi kiti.

Kankindi aliketi. Alivua miwani ya padri, akaifuta kwa pindo la sketi, akaivaa.

"Kaa, mama," alimwambia Mukarutesi. "Nieleze toka mwanzo. Usiache kitu."