Mchanga wa Barabara ya Kalemie

Jumapili, huku kwetu Kasungami, jirani yangu alizima pikipiki mbele ya nyumba ya mama yake. Alikuwa ametoka Kalemie kwa ile barabara ya zamani ambayo babu yake, baba wa mama huyo, aliichimba kwa jembe. Vumbi jekundu lilimjaa hadi kwenye kope.

Shemeji yake alicheka: "Bongo, uongo mutupu! Ile moto, pikipiki ya kuzeeka, ilifika tu Kasomeno hapa karibu, ikarudia."

Jirani alimwonyesha picha kwenye simu.

"Picha, kila muntu iko nazo," shemeji akasema.

Basi jirani akafungua samaki wa moshi aliokuwa amewanunua Pweto, mbali kupita Kasomeno, na kuwafunga nyuma ya pikipiki akisahau kuwafunika. "Mama, onja. Hapana kupangusa."

Mama alitafuna polepole. Sote tulisikia mchanga ukilia kwenye meno yake. Akatema kidogo kiganjani, akamsogezea shemeji.

"Ya soko hainaka udongo hii. Mutoto yangu alifika. Hii njo udongo ya barabara ya baba yangu."

Shemeji alinyoosha mkono, akaomba kipande. Mimi nimewawekea kichwa kimoja cha samaki, na mchanga wake, wale wakubwa wanaosema redioni kwamba barabara ile imekwisha kutengenezwa. Waje na meno yao.