Macho ya Pili

Mimi na risasi hatukuwahi kupatana. Nilizikimbia kule Kivu nikiwa na mtoto mgongoni, na tulipofika Toronto nilijiambia kwamba hapa angalau nitalala bila kuzisikia. Kumbe mume wangu alikuwa na mipango yake. Wazee aliofanya nao kazi kwenye kiwanda cha mikate walimpeleka kaskazini kuwinda kulungu, akanogewa. Akasomea leseni, akanunua bunduki ya mtumba, na kabla sijamaliza kununa alikuwa amefungua karakana ya risasi kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu huku Weston.

"Sasa mimi nilikimbia nini?" nilimwuliza.

"Hizi ni za nyama, mama," alisema. "Hazina habari na watu."

Sikuelewa kwa nini mtu ahangaike kujaza risasi mwenyewe wakati maduka yapo. Alisema kila bunduki ina mlo wake, na yake ilitulia ikilishwa kipimo chake tu. Hakutaka mnyama ajeruhiwe akafie mbali porini. Zaidi ya hayo, kule Bukavu alikuwa akipima unga wa dawa kwenye duka la dawa, na hapa Canada hakuna aliyemwomba tena kupima kitu chochote. Nadhani aliitamani mizani kuliko alivyotamani nyumbani.

Basi akawa anaokota maganda ya risasi alizokwisha kupiga, anayasafisha, anatia fataki mpya ya kuwashia baruti kwenye kitako, anapima baruti, anamimina, halafu anakandamiza kichwa cha risasi juu. Alikuwa na masharti kama ya mganga. Kopo moja tu la baruti mezani, kamwe si mawili. Miwani usoni. Simu ibaki juu. Baruti kabati lake, fataki kabati lake, na yote kwa kufuli. Na mtu asimsemeshe, yeye ambaye kanisani alishindwa kunyamaza hata wakati wa sala.

Sharti la mwisho ndilo lililoniingiza mimi. Kabla ya kukandamiza vichwa, alisimamisha maganda yote kwenye ubao wenye matundu, kisha akaniita kutoka chini ya ngazi kwa Kiswahili chetu cha Kivu, "Mama, kuya uangalie kama biko sawa."

Nilikuwa nashuka na tochi, namulika ganda moja moja, natazama baruti imefika wapi. Ganda lisilo na baruti laweza kuacha risasi imekwama ndani ya mtutu. Lililojazwa mara mbili laweza kumlipukia mtu usoni. Alisema jicho lililojaza linaona kile linachotegemea kuona, kwa hiyo linahitaji jicho la pili. Nikamwambia kwetu hayo yalishasemwa zamani, kwamba nyani haoni kundule. Aliwatafsiria wenzake wa mawindoni, wakacheka bila kuelewa. Kisha akawaambia kwamba kila risasi yake imekaguliwa na bibi yake. Kwetu Kivu mke ndiye bibi, na yeye alilitamka neno hilo kwa majivuno.

Nilizipenda zile alasiri. Mimi niliyeapa kutogusa risasi nilikuwa nainama juu ya ubao, kichwa changu karibu na chake, naye akisubiri neno langu kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa hesabu. Katika nchi hii ambako wanangu hunisahihisha kila nikifungua mdomo, mtu mmoja alikuwa hasogei mpaka mimi niseme.

Siku moja nilikuta ganda tupu. "Hili halina kitu," nikasema, tukacheka, akalijaza. Baadaye ufunguo wa gari ukapatikana ndani ya friji. Jumapili moja akapitiliza kituo chetu cha treni akaenda kuteremkia mjini, binti yetu akamfuata. Binti akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba baba aonwe na daktari. Nilimjibu kwamba baba yake amechoka, aache kumzeesha. Niliogopa.

Kisha ikaja alasiri ile. Nilimulika mstari wa kwanza, wa pili, nikafika katikati ya ubao. Baruti ilikuwa imepanda mpaka shingoni mwa ganda, ilhali kwenye mengine yote ilikuwa chini. Nikarudia kutazama. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kuangusha ubao kama bahati mbaya, tukaanza upya, tukacheka.

"Biko sawa?" akauliza.

"Hapana, papa. Moja umejaza mara mbili."

Alichukua tochi, akatazama muda mrefu. Hakubisha. Akarudisha baruti yote kwenye kopo, ganda baada ya ganda, polepole, akafunga kopo, akalitia kabatini. Akanikabidhi ufunguo.

"Usinipe," alisema. "Hata nikikuomba. Hata nikilia."

Siku ile aliomba kwa akili yake timamu, na miezi iliyofuata nikamtii yule aliyeomba dhidi ya huyu aliyekuja kugonga meza akidai ufunguo wake, akiniita mwizi. Ilinikata maini. Mwenzake mmoja wa mawindoni, mwenye leseni, alikuja akachukua bunduki, baruti, fataki na risasi zote. Nilimwomba aache ubao na maganda matupu, yale yasiyo na fataki. Hayo hayadhuru mtu.

Sasa anakaa nayo karibu na dirisha la sebuleni, treni za uwanja wa ndege zikipita huko nyuma ya nyumba. Anayafuta kwa kitambaa, anayasimamisha kwenye matundu, mstari kwa mstari, na mikono yake haijasahau kitu. Jana alimaliza akageuka kuniangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mhudumu wa benki.

"Tafadhali, kuya uangalie kama biko sawa."

Nikaleta tochi. Nikamulika moja moja, yote matupu, yamelingana kabisa.

"Biko sawa, papa."

"Aksanti," alisema, na akaweka kiganja juu ya ubao ili nisiusogeze. "Lakini tungoje bibi yangu naye aangalie. Yeye hanidanganyi."

Nikaenda jikoni. Nikasimama kando ya sinki, nikalia kidogo, nikanawa uso. Kisha nikarudi, nikawasha tochi, nikaanza tena na ganda la kwanza.