Gari Nililolikata Springi

Gari lile lilikuwa dogo, la milango miwili. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliniachia alipomaliza mkataba wake kwenye mashamba ya ngano. Mimi nilikuwa fundi wa karakana ya shamba. Kutwa nilishinda chini ya mashine za kuvunia, na jioni nikahamia chini ya gari langu. Nilichezea kabureta hadi injini ikanguruma nilivyotaka. Niling'oa kiti cha nyuma ili lipungue uzito, nikafunga ekzozi pana, bomba la moshi lililotoka kwenye mashine mbovu ya kuvunia. Kisha nikakata springi zote nne kwa msumeno wa chuma, gari likachuchumaa kama kuku anayeatamia. Mwisho nikafungua bamba la chuma linalokinga injini kwa chini. Niliona ni uzito wa bure.

Wazee wa karakana walinicheka. "Hilo utaendesha au utalimia?" Niliwajibu vibaya, maana siku hizo sikujua kutaniwa. Na barabara za shamba ziliniunga mkono. Zilikatiza ngano zimenyooka, greda la shamba likizilainisha mara kwa mara, na kwenye kona gari langu halikuyumba hata kidogo. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nilidhani nimetengeneza gari, kumbe nimelitengeneza kwa barabara za shamba tu.

Asubuhi moja habari zilitufikia Mogitu, nilikokuwa nikiishi na mama. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu bibi alipofariki, alikuwa mahututi kwao Endagikot, karibu na mji wa Mbulu, na alimwulizia mama tu. Mama alifunga vitu vyake kwenye khanga aende kungoja basi. Nikamwambia, basi la nini na mimi nina gari?

Tulipoanza kupanda ukuta wa bonde kuelekea Mbulu, mvua zilikuwa zimeichimba barabara na kuacha mawe wazi. Kila jiwe lilikwaruza tumbo la gari. Mama alishika mlango. Kisha jiwe moja likagonga. Nilipochungulia chini, sampo, lile bakuli la oili, lilikuwa limepasuka na oili inachuruzika.

Dawa yake kila fundi anaijua: sabuni ya mche. Unaikanda, unaikandika kwenye ufa. Mama alikuwa nayo, alibeba ya kumfulia mgonjwa. Nilikuwa bado chini ya gari, kama saa sita hivi, lori la mahindi liliposimama.

"Shikamoo, mama," dereva alisema. "Mnakwenda Mbulu? Panda mbele, nafasi ya mtu mmoja ipo."

"Marahaba, baba." Mama alikwisha kushika mlango wa lori. Akanigeukia.

"Asante, tumeshamaliza," nikasema mimi.

"Una hakika, kaka?"

"Mimi ni fundi!"

Mama aliuachia mlango. Akarudi akasimama kando ya gari langu, na lori likaenda zake.

Sabuni ilishika kona mbili. Oili ilipopata moto, ikaiyeyusha. Nikakandika tena, nikamimina oili yote ya akiba, nikaomba Mungu kwa sauti, nikalitukana gari kwa sauti ileile. Injini ikakaba kabisa, isizunguke tena. Tukashika njia kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma yake. Hakuna gari lililopita hadi alasiri, pikapu moja ilipotuokota.

Uani Endagikot wanawake walikuwa wamekaa chini kwa msiba. Mama aliuliza amefariki saa ngapi.

"Saa tisa," binti wa marehemu alisema. "Alikuwa anatazama mlango."

Lori lingemfikisha saa nane. Nilipiga hesabu hiyo nimesimama palepale, na nimeipiga maisha yangu yote, haijawahi kutoa jibu jingine. Niliomba mama aniseme. Aseme lori lilisimama, aseme mwanawe alimkatalia, watu wanitemee mate nami nipumue.

Mjomba mmoja akauliza, "Mmefikaje, na basi la leo halikupita?"

"Mwanangu amenileta," mama alisema, akanishika mkono wenye oili mbele yao wote.